MGUNGA NA WALINZI WAKE

Somo: Kumbukumbu la Torati 8:11-18



Musa alipoagizwa kutengeneza sanduku la agano, aliambiwa atumie mti wa mshita (Kutoka 25:10). Mshita ni wa jamaa moja na migunga yetu, na hata miwati tunayoipanda kwa kuni na magome ni ndugu yao. Leo tujifunze kwa mgunga mmoja mdogo unaoota katika nyanda za Laikipia, Kenya, kwenye udongo mweusi.

Mgunga huu una miiba, na penye mashina ya baadhi ya miiba hiyo pana vinundu vyenye uwazi ndani, kama vyumba. Sisimizi huvitoboa wakakaa humo, na upepo ukipita katika matundu hayo mti hupiga mluzi. Mti huwapa sisimizi nyumba, tena huwatolea maji matamu katika majani yake. Nao hawakai bure. Twiga au tembo akija kula, hutoka kwa wingi wakamuuma, hata akaenda zake.

Mwaka 1995 wataalamu walizungushia ua sehemu za nyanda hizo ili wanyama wakubwa wasiingie. Tungedhani miti iliyomo ndani ingestawi, maana adui ameondolewa. Haikuwa hivyo. Baada ya miaka 10 miti ile ilikuwa imepunguza vyumba na maji matamu, kana kwamba inasema: walinzi wa nini, na hatari hakuna? Sisimizi walinzi wakapungua. Mahali pao wakaingia sisimizi wa aina nyingine, wasioulinda mti, ambao hukaa katika matundu yaliyochimbwa na mbawakawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: miti iliyokaliwa na hao ilikua polepole, na vifo vyake vilikuwa mara mbili ya vile vya miti yenye walinzi.

Je, ndugu, hatujioni hapo? Mvua ikikataa, kanisa hujaa. Mtoto akizidiwa, tunamwamsha mzee wa kanisa usiku wa manane aje kuomba. Mavuno yakiingia na mtoto akipona, hapiti mtu kwa mzee yule kumpelekea hata kibaba cha unga. Akina mama wanaotuombea alfajiri huachwa peke yao. Hatukuwafukuza, tumeacha tu kuwatunza. Mgunga nao ulifanya hivyo hivyo.

Musa aliwaonya Waisraeli juu ya siku watakapokula na kushiba, na kukaa katika nyumba nzuri, wakadhani wameyapata hayo kwa nguvu za mikono yao. Adui wa siku ya shibe haji kwa kishindo cha tembo. Huja kama mbawakawa, akatoboa ndani kimyakimya.

Sisemi tuombe taabu. Mungu akitupa raha, tuipokee kwa shukrani. Lakini juma hili kila nyumba imkumbuke mtu mmoja aliyeilinda kwa maombi siku ya dhiki. Nendeni kwake, wala msiende mikono mitupu. Kaeni naye, mwulizeni hali yake, kisha ombeni pamoja.

Ee Bwana, uliyekuwa nasi katika njaa, usituache tukakusahau katika shibe. Utufundishe kuwatunza wale uliowaweka watulinde. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.