Umenawiri

"Umenawiri!" Majirani zetu hapa Nyakato humwambia kaka neno hilo kwa furaha ya kweli. Wanakumbuka alivyobaki mifupa mitupu, halali, akibishana na sauti tusizozisikia. Sasa analala, anasalimia watu, na shati zake za zamani hazifungi. Kwetu, mtu akinenepa amepona.

Yeye hafurahi. Siku moja mama alikuta vidonge vimefichwa chini ya godoro. Nilipomuuliza, kaka alisema, "Mdogo wangu, ninyi mmepata usingizi. Mimi nimepata njaa isiyoisha."

Hakuwa anadeka. Olanzapine, dawa anayotumia, hutuliza zile sauti, lakini huamsha njaa, huongeza uzito na inaweza kuleta kisukari. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi wao kwa maradhi ya mwili yanayozuilika.

Je, ni haki kumtaka mtu auze mwili ili anunue akili? Nilidhani jibu ni rahisi: akili kwanza. Lakini ni rahisi kwangu, kwa sababu silipi mimi. Tulikuwa tunapima kupona kwake kwa utulivu wetu.

Kisha nikakosea upande wa pili. Nikaanza kumpunguzia ugali na kumsema mbele ya wageni. Nikasahau kwamba njaa ya dawa si uroho, na kwamba mtu aliyeugua akili hajapoteza haki ya kuheshimiwa mezani.

Tulikwenda naye kliniki, akajieleza mwenyewe. Daktari alimwonya kuwa kuacha dawa ghafla ni hatari, ila dozi, hata aina ya dawa, hujadiliwa. Nyumbani, mama alibadilisha chungu cha wote: sato wa kuchemsha, mboga nyingi, ugali kiasi. Soda ikaondoka kwa kila mtu. Jioni natembea na kaka mpaka Buzuruga na kurudi.

Uzito umeshuka kidogo tu. Lakini dawa anameza, maana sasa mzigo haubebi peke yake.

Juzi jirani alimwambia tena kwamba amenawiri. Kaka akatabasamu. "Shikamoo, mama. Siku hizi niulize nimetembea mpaka wapi."