Mnana wa Mfongoni

Mjukuu wangu, juzi ulinionyesha daftari lako: ndege kumi na tisa asubuhi moja, toka msitu wa Rau mpaka hapa kihambani. Hongera. Lakini masika haya nakuomba utafute ndege mmoja tu, ukae naye.

Mchukue mnana. Mvua zikishakolea, dume huvaa manjano yake. Keti ukingoni mwa mfongo, chini ya mringaringa, tangu saa kumi na mbili na nusu, na simu ibaki mfukoni. Utamwona anauma ukingo wa jani la mgomba, anaruka, jani linachanika uzi mrefu. Uzi wa kwanza anaufunga kitawini kwa mdomo na mguu. Kisha anasuka pete, anasimama ndani yake, na chumba chote anakijenga kadiri shingo yake inavyofika. Akimaliza ananing'inia kwa chini, anapiga mbawa, anaita. Jike anaingia, anavuta nyuzi mbili tatu, anatoka, huyo anakwenda zake. Kiota kikikauka kabla hakijapata mwenyewe, fundi anakibomoa na kuanza tena kwa majani mabichi. Aprili moja nilimwona mmoja akibomoa mara tatu. Bibi yako alicheka: wanaume wa kijiji hiki wangeshahamia Dar.

Migomba itachanika, iache. Mimi sijawahi kukosa ndizi za mbege kwa ajili yake. Kwelea-kwelea ni habari nyingine. Mwenye mpunga kule Chekereni akigonga debe usimhubirie.

Wiki hizo hizo, wakati wa kwetu wanajenga, wageni wanafunga safari. Ukiinua macho utaona korongo weupe wanazunguka juu ya tambarare, hewa ya joto ikiwapandisha, warudi kutaga Ulaya. Mwaka 1822 huko Ujerumani aliuawa korongo mwenye mkuki wa Afrika umempenya shingo. Alikuwa ameruka nao njia nzima, na hapo wataalamu wakapata ushahidi wa anakokaa wakati wa baridi yao. Amekaushwa, yuko Rostock hadi leo. Mimi kila nikimkumbuka najiuliza yule aliyerusha mkuki siku hiyo alikula nini.

Manati uliyomwachia mdogo wako nimeiona. Njoo naye Jumamosi. Atatulia dakika kumi, zinamtosha. Vaeni masweta, ukingo ule haupati jua mpaka saa tatu.