Mwizi na Mwenye Kumtilia Moto

Husikika mijini mwetu: “Mlango haukuwa na komeo, wala hakuchukua kitu, basi kosa lake ni lipi?” Wengine nao hupiga kelele: “Mwizi huyo, kichomwe kibanda chake!” Maneno yote mawili twayakataa.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya haianzi kwa kuuliza kilichochukuliwa. Yauliza: Je, nyumba ni ya kukaliwa na watu? Je, amevunja? Na kuusukuma tu mlango uliorudishwa ni kuvunja. Je, ameingia? Hata mkono ukipita dirishani, ameingia. Je, alikusudia kutenda humo kosa kubwa la jinai? Yakitimia hayo, kifungo chaweza kufika miaka 7. Na ikiwa ni baina ya saa 12 na nusu za jioni na saa 12 na nusu za asubuhi, miaka 10. Kwani aliyelala huvunjiwa amani yake kabla ya sanduku lake. Lakini nia isipothibiti, hukumu hiyo haisimami.

Ama mwenye kulitia jengo moto kwa kusudi na bila ya haki, adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha maisha, hata likiwa jengo halijakwisha kujengwa. Moto wa makuti hauchagui nyumba.

Basi achomaye kibanda cha mwizi amejitia katika kosa zito kuliko la mwizi mwenyewe. Je, hiyo ndiyo haki tunayoidai? Tumpeleke mshukiwa mbele ya hakimu, nasi tusalimike na dhulma.