Kisigino cha bomba

Wanangu mnaochomelea pale Unga Limited na Ngarenaro, nimewaona mkipinda mabomba ya maji na roho yangu haijatulia. Mnakata kipande kimoja nyuzi 45, cha pili mnakiacha na mdomo wake wa duara, kisha mnavilazimisha kwa nyundo. Mdomo uliokatwa mshazari umeshakuwa yai. Yai na duara havikutani. Pindo la nyuzi 45 hugawanywa sawa: kila bomba nyuzi 22 na nusu. Kwa bomba la inchi 4, lenye milimita 114 kwa nje, upande mrefu utauzidi mfupi kwa milimita 47. Zungushia karatasi, chora kwa chaki, ndipo uwashe grainda.

Kisha chonga kingo zilale nyuzi 30 hivi, ncha ibaki milimita moja na nusu, na mwachie upenyo wa milimita 2 au 3 ili moto ufike ndani. Bomba la galvanaizi likwanguliwe zinki kwanza. Moshi wake mweupe huleta homa usiku, na maziwa mnayokunywa hayauzuii.

Linaloniumiza zaidi ni kisigino, ule upande wa pembe kali pale bomba la tawi linapoingia mshazari kwenye bomba kuu. Kijiti cha kuchomelea hakifiki, basi mnarundika chuma juu.

Nami nilirundika. Ilikuwa laini ya kutoka chemchemi za Meru kwenda mashamba ya chini, na mshono wangu ulisifiwa. Lakini maji yakishuka mita 10 huongeza shinikizo la kilo moja hivi kwa kila sentimita ya mraba, na laini ile ilishuka mita 120. Maji yalipotembea, ilihimili. Usiku valvu ya chini ikafungwa, uzito wote ukakaa kwenye kile kisigino.

Asubuhi tulikuta korongo, na mibuni ya mama mmoja imelala mizizi juu. Nililikata lile tawi la bomba kwa msumeno. Ndani, kingo zilikuwa kali vilevile kama nilivyoziacha, katikati yake slagi nyeusi. Moto ulikuwa haujazigusa.

Nilimpandia yule mama miche mingine kwa mikono yangu. Mbuni huchukua kama miaka 3 kuzaa, na muda wote huo alikuwa akinisalimia vizuri tu, nami nikishindwa kumtazama usoni.