Mwana Umleavyo Ndivyo Akuavyo

Wahenga walioinena methali hii hawakuwa wameghafilika na nasaba, kwa kuwa ni wao pia walionena kwamba mwana wa nyoka ni nyoka. Na mzozo wa kauli hizi mbili ndio uliowashughulisha wataalamu tangu mwaka 1869, Mwingereza Francis Galton alipotoa kitabu akidai kuwa akili kuu hurithiwa katika koo kama urithiwavyo wajihi na kimo.

Urithi haukaniki. Mapacha wa kufanana, hata wakilelewa mbalimbali, hukaribiana katika mitihani ya akili kuliko ndugu wa kawaida waliolelewa pamoja. Lakini insafu yataka shahidi wa pili naye asikilizwe. Katika miaka ya 1980 James Flynn wa New Zealand alidhihirisha kwamba alama za mitihani hiyo zilikuwa zikipanda kizazi baada ya kizazi, nchini Marekani kwa kadiri ya alama 3 kila miaka 10, ilhali damu ya umma haigeuki kwa haraka hiyo. Tena mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake, walipowachunguza mapacha wa Marekani wa umri wa miaka 7, waliona kuwa katika nyumba za wenye nafasi, tofauti za akili zilitokana sana na urithi, bali katika nyumba za mafakiri urithi haukueleza takriban lolote.

Basi karama ya kuzaliwa hudhihirika pale tu malezi yanapoiruhusu. Mtoto ambaye mamaye alikosa madini joto alipokuwa mjamzito, au aendaye darasani bila ya kustaftahi, akihukumiwa kwa karatasi moja ya mtihani kuwa ni mjinga wa asili, amedhulumiwa. Na anayesema "ndivyo walivyo ukoo wao" huwa amejivua dhamana kwa kisingizio cha damu.

Hapo ndipo ilipo hekima ya methali. Nasaba ni kadari, wala hakuna wa kuulizwa juu yake; malezi ni amali, na kila amali ina mwenyewe, awe mzazi, mwalimu au serikali. Naye aliyefaulu asitakabari, maana hakujichagulia wazazi wala aliyemfundisha kusoma. Heshima yake ni kumlea mwana wa mwingine kama alivyolelewa yeye.