Taa Nyekundu na Jirani Usiyemwona

Somo: Warumi 13:1–10, Marko 2:23–28



Jumatano katika ushirika wa nyumbani, ndugu mmoja anayeendesha boda aliuliza swali. Wenzake walicheka kidogo, halafu wakanyamaza. Alisema, "Pasta, saa tano usiku, barabara ni wazi, hakuna gari, hakuna mtu, na taa ni nyekundu. Nikipita nimetenda dhambi?"

Niliahidi kujibu kwa maandishi, kwa sababu swali hili si la watu wa boda peke yao. Hapa Silanga hatuna taa za barabarani, lakini tukitoka tu kuelekea Ngong Road, Mbagathi Way au mjini, tunakutana nazo kila siku, wengine tukiwa na usukani, wengine tukiwa abiria, na wengi wetu tukiwa kwa miguu.

Kwanza tumsikilize ndugu yetu, maana hoja zake zina uzito. Pikipiki si yake, na jioni lazima ampelekee mwenyewe pesa ya siku. Dakika tatu hapa na tatu pale, mwishoni ni tripu moja imepotea, na tripu moja ni unga. Pili, kusimama peke yako usiku kwenye makutano, abiria akiwa na simu mkononi, ni kuwaalika wezi. Tatu, asubuhi karao mwenyewe anasimama chini ya taa nyekundu akitupungia mkono tupite. Sasa hiyo taa ni ya nini? Mtu akiona hivyo kila siku, anaanza kuichukua kama pambo.

Hiyo ya polisi tuimalize haraka. Mwongozo wa afisa wa polisi aliyevaa sare unatangulia taa, kwa hivyo ukifuata mkono wake hujavunja sheria, umeitii. Shida ni kwamba afisa akienda nyumbani, sisi tunabaki na tabia ya kupita hata kama hakuna aliyetuita.

Sasa tuulize taa ni kitu gani. Taa ya kwanza kabisa iliwekwa London mwezi wa Desemba 1868, nje ya Bunge. Ilibuniwa na fundi wa reli aitwaye J. P. Knight, ikawaka kwa gesi, na polisi aliizungusha kwa mkono. Ilikusudiwa kuwasaidia wabunge na watu wengine wa miguu kuvuka katikati ya magari ya farasi. Haikudumu, kwa sababu mapema 1869 gesi ililipuka na kumjeruhi polisi aliyeihudumia. Lakini kusudi lake ni zuri kulikumbuka: mtu wa miguu alihitaji dakika yake ya kuvuka akiwa salama.

Taa ikiwa nyekundu kwako, mara nyingi ni kijani kwa mtu mwingine. Yule ameambiwa, "Pita, nimewasimamisha wengine." Ameamini, ameingia barabarani, wala hakuangalii wewe. Gari la mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakata karibu mita 14 kwa sekunde moja. Kufikia atakapokuona, muda wa kuamua umekwisha. Kwa hivyo taa ni ahadi tuliyopeana na watu ambao hatuwajui. Anayeiruka anatumia imani ya mtu mwingine bila kumwomba ruhusa.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, na kitu kimoja kilichonibakia ni swali hili: faida inaenda kwa nani, na hasara inalipwa na nani? Ukiuza bidhaa ukapata hasara, hasara ni yako. Ukiruka taa, faida ni yako, dakika mbili hivi. Lakini hasara ikitokea, mara nyingi inamwangukia mama aliyekuwa anavuka na beseni la nguo za kufua. Hiyo si biashara ya haki. Ni kukopa kwa jina la mwenzako na kumwachia deni.

Na huyo mwenzako ni nani? Angalia njia inayotoka huku saa kumi na moja asubuhi. Ni watu wetu wanaotembea kwenda Industrial Area na kurudi kwa miguu ili kuokoa nauli. Takwimu za NTSA za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 hufariki barabarani nchini kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni wa miguu. Si wote waliogongwa kwenye taa, lakini wote waligongwa na mtu fulani. Ndugu mwenye boda anaweza kufikiri anawashinda matajiri wa magari makubwa, kumbe aliye wazi zaidi mbele ya gurudumu lake ni mtu anayeketi naye benchi moja Jumapili.

Warumi 13 tunaipenda kuisoma nusu. Tunaanza na mamlaka, kwamba imewekwa na Mungu, na tunaishia kwenye kodi. Lakini Paulo anaendelea. Anasema tutii kwa ajili ya dhamiri pia, si kwa kuogopa adhabu tu. Halafu, katika sura hiyo hiyo, anafikia deni la upendo, na anatuonyesha kwamba upendo haumdhuru jirani. Kwa hivyo kumtii askari na kumpenda jirani vimewekwa kwenye ukurasa mmoja. Anayesimama kwenye taa kwa sababu kuna karao amesoma mistari ya kwanza tu.

Je, ni lazima kusimama daima, bila ruhusa hata moja? Hapa tusiwe Mafarisayo. Katika Marko 2, Bwana Yesu anawakumbusha waliomlaumu jinsi Daudi na watu wake walivyokula mikate mitakatifu walipokuwa na njaa, na anafundisha kwamba sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu. Amri inamhudumia mtu. Basi fikiria dada amepata uchungu saa nane usiku, boda inamkimbiza Mbagathi Hospitali, na taa ni nyekundu. Mimi nasema: punguza mwendo kabisa, hakikisha kila upande, kisha pita, na usiku huo usijihukumu. Ukiona kweli kuna watu wanakukaribia kukuvamia, fanya hivyo hivyo. Taa ikikwama kwenye nyekundu na haibadiliki, ichukulie kama makutano yasiyo na taa: wape wengine nafasi, kisha uende polepole.

Lakini pima kwa maswali matatu. Je, ni uhai unaookolewa, au ni dakika? Je, hatari unaibeba wewe, au unamtwika mtu asiyejua? Je, ungeweza kulieleza jambo hilo mchana mbele ya hakimu na mbele ya kanisa bila kubadilisha hadithi? Njaa ya Daudi inapita maswali haya. Haraka ya kuwahi mteja mwingine haipiti.

Turudi basi kwa ndugu yetu wa saa tano usiku. Jibu langu ni: ngoja. Unasema hakuna mtu. Lakini usiku unachojua ni kwamba hujamwona mtu. Barabara nyingi zetu zina giza, na anayetoka kazini akiwa amevaa koti jeusi haonekani mpaka awe mbele ya taa yako. Tena, dereva wa upande ule mwingine anaweza kuwa na hoja kama yako, kwamba hakuna mtu. Wawili wenye hoja moja hukutana katikati.

Mtu atasema, "Basi sheria ibadilishwe." Sawa, inawezekana. Huko Idaho, Marekani, tangu 1982 sheria inamruhusu mwenye baiskeli kupita alama ya kusimama bila kusimama kabisa, baada ya kupunguza mwendo na kuona njia ni wazi. Walikubaliana hivyo hadharani, kila mtu akajua wa kumtarajia ni nani. Sisi pia katiba yetu ya 2010 inatupa nafasi ya kutoa maoni wakati sheria zinatungwa. Kubadilisha sheria mchana mbele ya wote ni jambo moja. Kila mtu kujitungia yake gizani ni jambo lingine.

Mwisho, sisi abiria. Wengi hatushiki usukani, lakini midomo tunayo. Ni sisi tunaomwambia kijana, "Songa tu, hakuna kitu," halafu tukishuka tunamlaumu kwa kuendesha vibaya. Wenye pikipiki nao, mkimpangia kijana kiwango cha siku ambacho hakifikiki bila kuruka taa, mnashiriki katika kuruka kwake.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Ukipanda boda au matatu, na taa iwe nyekundu, mwambie dereva, "Simama, mimi nitangoja." Ukisema hivyo umempa ruhusa ambayo hakuna mtu humpa. Na kama Jumapili utachelewa ibada kwa sababu ya taa, ingia tu. Wahudumu wa mlangoni watakutafutia kiti.

Mungu awabariki, na awarudishe nyumbani salama.

Pasta Msaidizi