Amana Ndani ya Ukuta

Mtunzi wa shairi akikosa mizani, hadhira haimngoji amalize. Sikio la msikilizaji hujikwaa hapo hapo, na mtunzi akaaibika hapo hapo. Fundi wa jahazi naye anaye msikilizaji wake, nayo ni bahari: kalafati ikitiwa kwa uzembe, maji yatamwambia nahodha kabla safari ya kwanza haijesha. Lakini wako mafundi ambao kasoro yao haina wa kuisikia. Mmoja wao ni yule afanyaye kazi ya nyaya chini ya mkandarasi wa umeme, na swali la kimaadili linaloizunguka kazi yake halijatazamwa vya kutosha na washairi, wapendao mno kuisifu taa.

Kazi yenyewe ni ya jasho na vumbi. Kwa nyundo na tindo fundi huutindua ukuta kuyafanyia njia mabomba. Hupitisha nyaya, za milimita 1.5 za mraba kwa taa na 2.5 kwa soketi. Kisha huja mpiga lipu akafukia kila kitu. Siku ya kuhamia, mwenye nyumba hubonyeza swichi, taa ikawaka, akashukuru. Na hapo ndipo penye mtego, maana taa ni shahidi asiyefaa. Itawaka hata kama swichi imetiwa kwenye waya usio wake, na itawaka hata kama waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano, haumo kabisa ukutani.

Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, Unguja ilipokaa kizani takriban miezi 3 baada ya njia ya umeme itokayo Tanzania Bara kuharibika, hapakuhitajika fundi wa kuwaambia watu kwamba umeme haupo. Mtoto mdogo alijua. Kukosekana kwa waya wa ardhi ni kukosekana kwa namna nyingine. Nyumba huweza kuishi bila waya huo miaka 10 au 20, friji ikigandisha na feni ikizunguka. Kisha siku moja ganda la waya ndani ya pasi hulika, na waya wa moto ukagusa chuma. Lau waya wa ardhi ungekuwapo, umeme mwingi ungepita humo kwa ghafla na fyuzi ikakatika. Usipokuwapo, chuma hukaa na volti 230, kimya, kikingoja mkono wa mtu. Na mtu huyo pengine amesimama pekupeku juu ya sakafu yenye maji.

Kwa nini basi waya huo uachwe? Shaba ni ghali. Mkandarasi wa umeme aghalabu hupewa kazi na mkandarasi mkuu wa jengo, na mara nyingi aliyetaja bei ya chini ndiye aliyeipata. Faida iliyokwisha kuliwa kwenye zabuni hutafutwa pasipoonekana. Si lazima awe mtu mwovu. Huenda naye hucheleweshewa malipo, na vibarua wanamdai. Asemalo asubuhi ni neno dogo tu: soketi za vyumbani zipite bila waya wa tatu, lipu inaanza kesho.

Kibarua aliyeambiwa hivyo hupewa na faraja yake: dhambi ni ya aliyeamuru. Faraja hii ina nguvu, na mwenye watoto wanaongoja unga si wa kuchekwa akiishika. Hata hivyo haisimami mbele ya soketi yenyewe. Soketi ina matundu 3. Tundu la juu ni la waya wa ardhi, na kuwapo kwake ukutani ni neno lililosemwa: lamwambia atakayechomeka plagi kwamba nyuma yake ipo njia ya kuelekea ardhini. Anayeifunga kwa skrubu hali anajua kwamba nyuma ya tundu hamna kitu hajanyamaza. Amesema uongo, kwa mkono badala ya ulimi. Amri yaweza kuwa ya mwingine, lakini kauli ni yake. Na anayedanganywa ni mpangaji wa miaka ijayo, pengine bado hajazaliwa, asiye na mkataba na yeyote kati yao.

Hapo lugha ya ajira huishiwa, ikabidi itumike lugha ya amana. Ajira ni baina ya wawili wanaojuana. Amana huweza kumfunga mtu kwa asiyemjua, kwa sababu tu yeye ndiye ajuaye. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kipimo cha kuugundua upungufu huo kipo, lakini kipimo nacho hushikwa na mkono wa mtu, na fomu hutiwa saini kwa mkono huo huo.

Wapo wanaokataa. Baadhi hutoka kazini, na nafasi zao zikachukuliwa kabla ya adhuhuri, ukuta ukafungwa vile vile. Nao huumia kwa hilo kuliko kwa ujira waliokosa, kwani hawakumwokoa mtu. Wengine hubaki, wakafunga kifuniko kitupu mahali pa soketi, ili mwenye jengo alazimike kuuliza. Wako pia waliotenda kama walivyoambiwa, na hadi leo wakipita mbele ya nyumba ile usiku huinua macho kutazama madirisha. Taa zinawaka.

Muda wa kuchagua wenyewe ni mfupi. Mpiga lipu hana habari ya haya yote. Mchanga na saruji vimekwisha changanywa, na akimkuta fundi wa umeme bado amesimama mbele ya ukuta, humuuliza tu kama amemaliza.